Furushi Lisilofunguliwa

Mpanda Mjini,
Jumamosi, 10 Aprili 1976.

Kwa Mkwe wangu, Mama Manyanda,
Sitalike.

Salamu. Naomba barua hii ikukute mzima pamoja na wote wa mji wako, wenye miguu miwili na wenye miguu minne, kwa kuwa nimeambiwa kwenu husalimiwa pamoja. Mimi sijambo. Goti linanisumbua kila mvua inaponyesha, lakini goti si habari.

Habari ni binti yangu Katarina, ambaye kwa mapenzi ya Mungu na kwa haraka zake mwenyewe ni mke wa mwanao. Alipokuja kliniki mwezi uliopita, mkunga alimpapasa tumbo akamwambia kwamba mtoto ameketi wima tumboni, kichwa juu, kama mzee aliyekaa barazani. Akamwagiza kwamba juma la mwisho asilimalizie Sitalike, bali awe hapa mjini karibu na hospitali, akisubiri. Juma hilo linaanza kesho, Jumapili ya Matawi. Sijaona mtu aliyefika, wala sijasikia kwamba kuna mtu anayefunga mizigo.

Mwaka jana, katika mvua kama hizi, mliniambia kwamba mnangoja uchungu ukolee ndipo mtafute gari. Uchungu ulikolea. Gari lilipopatikana lilinileta mimi mazikoni. Niliyoyasema siku ile kaburini niliyasema mbele ya watu, na mimi si mtu wa kula kiapo asubuhi na kukitapika jioni. Sitarudia wala sitafuta.

Nimempa Apolinari, dereva wa lori la mbao, furushi dogo la kitambaa cheupe. Nimelifunga kwa mkono wangu. Lifungueni mara mtakapolipokea. Yaliyomo ndani ndiyo jibu la swali lolote mtakalokuwa nalo kuhusu safari hii, nami sitaandika zaidi ya hapo.

Mkunga anataka mama mjamzito aje na beseni, sabuni, pamba, uzi, wembe mpya ambao haujapita kichwani mwa mtu, na nguo za mtoto. Nguo za mtoto nakuachia wewe. Naamini hata kwenu mtoto huvikwa kitu.

Msalimie Katarina. Manyanda naye umsalimie, ingawa sitarajii jibu. Katika miaka yote niliyomfahamu sijamsikia akisema zaidi ya maneno matatu kwa siku, na mawili kati ya hayo ni majina ya ng'ombe.

Ni mimi,
Baba Katarina,
Mwl. Gelasius.


Sitalike,
Jumapili, 11 Aprili 1976.

Kwa Mwalimu Gelasius, mkwe wangu,

Salamu zako zimefika. Watu hawajambo. Ng'ombe nao hawajambo, na dume lile lenye pembe moja limeuliza sana habari ya goti lako. Katarina hajambo ila miguu imevimba, na usiku hapati upande wa kulalia.

Ninaandika kwa mkono wangu. Nilijifunza kisomo, nikafaulu, na cheti kipo ukutani. Kwa hiyo usimlaumu mtu mwingine kwa maneno haya.

Furushi lako ninakurudishia kwa Apolinari huyohuyo. Sijalifungua. Nimelipokea kwa mikono miwili, kwa heshima ya ukwe, nikaliweka nje juu ya kinu, na usiku mmoja tu limelala kwangu. Ndani ya nyumba halikuingia.

Mwaka jana ulituma furushi kama hili. Lilikuwa jeupe na jepesi, limefungwa kwa fundo lilelile la kiseminari ulilofundishwa na mapadre. Ndani yake mlikuwa na gauni la mtoto lililoshonwa mjini, lenye maua shingoni. Mimi nilijua kwamba hatusuki kamba ya ndama ambaye bado yumo tumboni. Mama yangu alilijua hilo, na mama yake pia. Lakini nikasema moyoni, huyu ni Mwalimu, amesoma, nisimvunjie heshima. Nikaliingiza ndani, nikalitundika. Mtoto alikuja akalikuta gauni limeshamtangulia, akarudi alikotoka. Tulimzika nalo. Wewe uliliona.

Safari hii sitamvunja Katarina moyo kwa ajili ya heshima yako. Yeye mwenyewe aliniambia, "Mama, tulifungue. Huenda baba ameweka neno ndani."

Nikamwambia, "Baba yako neno lake huliandika kwenye karatasi, na huwa refu."

Akacheka, kisha akalia, kama wanavyofanya wajawazito.

Sasa kuhusu kuja mjini. Usifikiri sisi ni wapumbavu. Mkunga alichosema tumekisikia na tunakiogopa kuliko wewe, maana wewe ulifika kuzika tu, mimi nilikuwa nimemshika mkono. Lakini hospitali humpokea mtu uchungu ukishaanza. Kabla ya hapo inatupasa tungojee mahali. Nikamuuliza Katarina, "Mjini una nyumba gani?"

Akasema, "Ninaijua moja tu, na hiyo ulishafungiwa."

Maneno yako ninayakumbuka vizuri. Uliinua mkono, ukasema, "Mkono huu hautakufungulia wewe mlango wangu maisha yangu yote." Watu wote walisikia, hata Manyanda. Katarina amesema hatakwenda kulala mahali ambapo mimi nitasimama nje. Sikumfundisha. Ukaidi ule ameutoa kwako, na ndicho kitu pekee alicholeta katika ndoa kutoka kwa baba yake.

Kwa hiyo tutakaa hapa. Yupo mama jirani anayejua kukanda tumbo. Ombeni huko kanisani, sisi tutaomba kwetu.

Ni mimi,
Mkweo,
Mama Manyanda.


Mpanda Mjini,
Jumanne, 13 Aprili 1976.

Kwa Mama Manyanda,

Salamu zinazostahili. Sisemi zinatosha.

Nimeisoma barua yako. Mwandiko wako ni nyayo za kuku penye tope, lakini unasomeka, na kwa hilo nawapongeza walimu wa kisomo. Kosa lao ni moja. Wamekufundisha kuandika kabla ya kukufundisha kufungua.

Sasa nitakuambia ulichokirudisha, kwa kuwa umenilazimisha kukitaja. Ndani ya furushi lile hamkuwa na gauni. Mlikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni kanga ya marehemu mke wangu, Tereza, ile aliyompokelea Katarina siku alipozaliwa, ambayo sijampa mtu yeyote kuigusa tangu tulipomzika mwenyewe. Cha pili kilikuwa kimefungwa katika pindo la kanga hiyo, nacho ni ufunguo wa nyumba yangu.

Mama Manyanda, umenirudishia ufunguo wa nyumba yangu. Umeulaza nje juu ya kinu, usiku kucha, kama uchawi.

Utaniuliza kwa nini sikuandika. Sikuandika kwa sababu niliapa, nawe umekikumbuka kiapo changu neno kwa neno, jambo ambalo sikulitegemea. Siwezi kuapa kwa kinywa na kualika kwa kalamu. Nilidhani mtu mwenye akili akipewa ufunguo hahitaji hotuba. Nilidhani vibaya.

Nilikuwa nimeshapanga yote. Si desturi kwetu baba kukaa chini ya paa moja na uchungu wa binti yake, kwa hiyo nilikusudia kuwaachia nyumba yote, vyumba vitatu, maji ya mtungini na kuni kavu, nami niende Misunkumilo kwa mdogo wangu Makarius hadi mambo yaishe. Hukutakiwa kuniona wala kunishukuru. Ulitakiwa kufungua fundo tu.

Habari ya gauni la mwaka jana sitaijibu. Mtoto hauawi na maua ya shingoni. Alikufa kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumgeuza, na kwa kuwa mlikaa mkiangalia anga hadi barabara ikafa. Jirani anayekanda tumbo namfahamu. Alimkanda mwaka jana pia.

Ufunguo umerudi mfukoni mwangu. Hautapanda lori mara ya pili. Kanga nimeiacha juu ya meza ya mbele. Nitakuwapo hapa hadi kesho jioni, kisha nitakwenda Misunkumilo kama nilivyopanga, kwa kuwa mimi mipango yangu haibadilishwi na watu wanaoogopa vitambaa. Ukitaka ufunguo, mlete Katarina kabla sijaondoka.

Apolinari anashuka leo na atapanda kesho asubuhi. Nimemwambia aache nafasi mbele.

Baba Katarina.


Sitalike,
Jumatano, 14 Aprili 1976, asubuhi.

Mwalimu,

Sina nafasi ya salamu ndefu. Sote tupo.

Panya huficha punje shimoni, akaenda zake, akarudi akawalaumu wenzake kwamba hawakula. Ndivyo ulivyofanya. Mtu mzima, mwenye wino na karatasi, anaficha ufunguo katika pindo la kanga, anafunga fundo, anafunga na mdomo, kisha anasema wengine hawana akili. Ungeandika neno moja tu, "ufunguo," tungekuwa mjini tangu jana.

Lori la Apolinari limezama kwenye tope hapa karibu. Magurudumu hayaonekani. Yeye amekaa juu ya mbao zake anavuta sigara, anasema labda kesho, labda Pasaka. Alfajiri Katarina amesikia maumivu ya kiuno. Yanakuja na kwenda. Anasema si uchungu. Mimi nimezaa, najua yanaanzaje.

Tunakuja na mkokoteni wa ng'ombe. Manyanda anawafunga sasa. Barua hii ninampa muuza samaki mwenye baiskeli. Yeye njia ikimshinda huibeba baiskeli begani, atatutangulia. Usiondoke. Nasema kwa heshima zote, mkwe wangu, usiondoke. Kaa hapo na ufunguo wako mpaka utuone.

Mama Manyanda.


Mpanda Mjini, nyumbani kwako,
Ijumaa Kuu, 16 Aprili 1976.

Kwa Mwalimu Gelasius, aliyeko Misunkumilo,

Shikamoo, leo ninakuamkia, ili usiseme sikuanza na adabu. Natumaini mdogo wako Makarius ni mzima na goti lako linapata moto.

Nimevunja kufuli lako.

Nakueleza hilo kwanza kwa kuwa najua ndilo litakalokuuma. Mengine ni haya.

Tuliondoka Sitalike Jumatano, jua likiwa limepanda kidogo. Katarina alikaa juu ya mabua ya mahindi niliyomtandikia, mimi nikakaa nyuma yake awe na pa kuegemea. Manyanda alitembea mbele akiwashika ng'ombe. Tope liliganda kwenye magurudumu hata yakawa makubwa maradufu, kila baada ya muda anasimama anakwangua kwa jembe, tunaendelea. Maumivu yalikuwa yakija na kutulia. Yalipozidi Katarina akasema, "Mama, nikifia humu, mwambieni baba nilikuwa nakuja."

Mimi nikamkumbatia kwa nyuma. Manyanda ndiye aliyejibu, bila kugeuka. Alisema, "Hufi." Lilikuwa neno moja tu, Mwalimu, na halikuwa jina la ng'ombe. Katarina hakulisema tena jambo lile.

Usiku tulilala kijijini njiani, kwa watu waliotupa moto na uji. Alhamisi asubuhi tuliingia mjini. Tulikwenda hospitali moja kwa moja, maana uchungu sasa ulikuwa uchungu. Wakampokea mara moja. Mkunga akapima, akaniangalia, akasema, "Huyu anatanguliza miguu. Mmefika. Vitu viko wapi?"

Nikatoa beseni, sabuni, pamba, uzi na wembe mpya.

Akasema, "Vya mtoto?"

Nikasema, "Mtoto hajafika. Vyake vitafikaje kabla yake?"

Akasema, "Mama, mimi sina muda wa mafumbo leo. Mtoto akitoka nimfunike nini? Kilemba chako?"

Kilemba chenyewe kilikuwa tope tupu, Mwalimu. Nguo zetu zote zilikuwa tope, na blanketi lilikuwa limelowa. Nilisimama pale mikono mitupu mbele ya binti yako, naye akiniangalia. Nakuambia wewe, maana hutanihurumia, na leo sitaki huruma. Ndipo nilipoikumbuka kanga iliyo juu ya meza ya mbele.

Nilikwenda mbio, na mimi si mtu wa mbio. Nikafika kwako nikabisha hodi kama mtu. Nikabisha tena. Nikaona kufuli. Hapo nikajua kwamba umeondoka, kwa sababu nilikuwa nimekuomba usiondoke.

Nikaokota jiwe. Jirani yako Natalia alikuwa anafagia uwanja wake. Akaniambia, "Mama, hiyo ni nyumba ya Mwalimu."

"Najua."

"Mwalimu hapendi watu wasiobisha."

"Nimebisha. Hata hilo najua."

Akaniangalia tope lote lile, akaniangalia jiwe. Akasema, "Basi ngoja nikupe nyundo. Hilo litakuponda vidole."

Kufuli lako ni imara, nalisifu. Lilikubali kwa pigo la nne au la tano. Kitu cha kwanza nilichokikanyaga ndani kilikuwa barua yangu mwenyewe. Muuza samaki alikuta umefunga, akaisukuma chini ya mlango. Kwa hiyo ulikwenda Misunkumilo ukidhani hatukujibu, na sisi tulikuja tukidhani unatungoja.

Kanga niliikuta. Nikarudi nayo kifuani, chini ya nguo.

Sikuruhusiwa kuingia, nilikaa nje ya mlango. Nilimsikia Katarina. Kisha nikasikia kimya, na kimya kile mimi nilikijua, tulikutana nacho mwaka jana. Mkunga akafungua mlango akanyoosha mkono, nikampa kanga. Baadaye aliniambia mtoto alitoka wa bluu na mlegevu, akamsugua kwa kanga ile mgongoni na kifuani, akimsugua kama mtu anayesafisha sufuria. Imechakaa sana, imekuwa laini kama sikio la ndama. Halafu nikasikia mtoto amekasirika. Si kulia, Mwalimu, ni hasira. Akikukuta wewe atakuwa na mwenziwe.

Ni msichana. Katarina amechoka, ameshonwa, lakini amekunywa uji na ameuliza habari zako. Leo wameturuhusu kuja hapa nyumbani, maana ni karibu, na mkunga amesema atapita kumwangalia.

Jina lake ni Kashinje. Usianze kuandika orodha ya watakatifu. Hatukuchagua. Kwetu mtoto aliyetanguliza miguu huja na jina lake, na jina ni hilo.

Na usifikiri nimeiacha desturi yangu. Kanga ile haikutayarishwa kwa ajili ya mtoto huyu. Ilitayarishwa zamani kwa ajili ya Katarina, na Katarina alishazaliwa. Haina kosa.

Mlango nimeufunga kwa kamba ya ng'ombe. Ng'ombe wenyewe wamo uani kwako. Wamekula majani ya viazi.

Ni mimi,
Bibi Kashinje.


Misunkumilo,
Jumamosi Kuu, 17 Aprili 1976.

Kwa Bibi Kashinje, anayekaa nyumbani kwangu,

Salamu. Makarius ni mzima. Goti langu lina moto wa kutosha, na tangu barua yako ifike nina moto mwingine wa ziada.

Tuanze na kufuli. Kufuli lile lilitoka Tabora. Lilistahimili wezi wa mjini kwa miaka mingi, likaja kushindwa na bibi mwenye cheti cha kisomo. Ungemwomba Natalia apande baiskeli aje Misunkumilo, ningekuletea ufunguo. Utasema hapakuwa na nafasi. Najua kwamba hapakuwa na nafasi. Nasema tu kwamba mtu mwenye adabu angelifikiria jambo hilo wakati akipiga nyundo.

Majani ya viazi niliyapanda kwa mikono yangu. Sitasema lolote juu ya ng'ombe, kwa kuwa nimeona kwamba ndio waliomleta binti yangu hospitali, na nisingependa kuwa na deni kwa mnyama.

Kuondoka kwangu. Nilingoja Jumatano hadi jua likazama. Nilitoka barabarani mara kwa mara, Natalia ni shahidi. Nilipoona kimya nikasema, watu hawa wameamua kama walivyoamua mwaka jana, na mimi sitakaa hapa kungoja gari la mazishi mara ya pili. Hayo ndiyo yaliyonitoa nyumbani. Sikuwa naifuata ratiba.

Sasa jambo la kiapo, ambalo nimelifikiria usiku wote. Nilisema kwamba mkono huu hautakufungulia mlango wangu maisha yangu yote. Haujakufungulia. Wewe umeingia kwa nyundo, kama mwizi, mchana, mbele ya jirani. Kwa hiyo nimebaki mtu wa kweli, nawe umo ndani. Hilo ndilo jambo la maana la kwanza ulilolifanya tangu mwanao alipomwoa mwanangu, na nina hakika hukulikusudia.

Kuhusu jina. Kashinje ni jina la ajabu. Litaandikwaje ubatizoni? Paroko atauliza. Nashauri aitwe Tereza, na hilo la miguu mlitumie huko kwenu. Nangoja majibu, ingawa kwa kadiri ninavyokufahamu sasa nimeshayasikia.

Umesema mtoto alitoka wa bluu. Hukusema kama rangi imerudi. Mtu anayeandika barua ndefu kiasi kile, akataja nyundo, jirani na majani ya viazi, hawezi kusahau jambo kama hilo. Nijibu leo.

Baba Katarina.


Mpanda Mjini,
Jumapili ya Pasaka, 18 Aprili 1976.

Kwa Mwalimu,

Rangi imerudi. Imerudi yote. Ananyonya, anapiga miayo, anakunja uso kama anasahihisha madaftari.

Katarina ameisoma barua yako kwa sauti, akacheka mpaka akashika mshono. Amesema nikuandikie hivi: Kashinje Tereza. Kashinje kwanza kwa kuwa miguu ilitangulia, Tereza nyuma kwa kuwa kanga ilifuata. Amesema paroko akiuliza, umwambie wewe. Wewe unayajua maneno marefu.

Kitovu bado hakijaanguka. Mpaka kianguke usije, ndiyo desturi yako na mimi ninaikubali, maana inatupa raha. Kikianguka nitakuambia.

Viazi vyenyewe havikuliwa, ni majani tu. Yataota.

Kamba ya mlangoni inateleza. Usiku Manyanda analala karibu na mlango.

Bibi Kashinje.


Misunkumilo,
Ijumaa, 23 Aprili 1976.

Kwa Bibi Kashinje,

Natalia ameniletea habari kwamba kitovu kimeanguka. Uliahidi kuniambia mwenyewe. Sikushangaa.

Nitakuja Jumapili baada ya misa ya kwanza. Ng'ombe waondolewe uani kabla ya hapo. Manyanda akae, nina neno moja la kumwambia. Nimeona kwamba kwake neno moja linatosha.

Nitasimama mlangoni kwangu mwenyewe, nitabisha hodi, nanyi mtanikaribisha. Ni aibu ambayo sikuwahi kuifikiria katika maisha yangu, lakini kwa kuwa mlango huo siwezi tena kukufungulia, imebaki wewe unifungulie mimi.

Aliyeleta barua hii amebeba pia kufuli jipya. Si la Tabora, ni la dukani hapa, na halitafika umri wa lile la kwanza. Manyanda alifunge leo, maana mlango uliofungwa kwa kamba ya ng'ombe ni dharau kwa mji mzima. Lina funguo mbili. Mmoja nimebaki nao.

Wa pili ni wako. Ukirudi Sitalike uende nao, kwa kuwa binti yangu hataishia kwa mtoto mmoja, na barabara yenu haitapona. Nimeufunga katika kitambaa cheupe, kwa fundo la kiseminari, kama kawaida yangu.

Safari hii nimeandika. Kifungue.

Babu.